Wenye Majoho wa Yiti

Mjomba,

Nimerudi kutoka Yiti jana, lakini mgongo wangu nahisi bado uko njiani. Nakuandikia nimelala kifudifudi, karatasi juu ya mto, kwa sababu kukaa siwezi. Ile njia uliyokuwa ukiniambia ni nyoofu tu, ukishapita Ruwi unafuata wadi, ule mto mkavu, mpaka uione bahari, haijapata kunyooka tangu dunia iumbwe. Ni mawe juu ya mawe. Gari la Haji Muhsin limevunjika springi, na mimi ndiye dereva wake na karani wake, kwa hivyo unajua mwenyewe nani atalala chini ya gari kesho.

Ungekuwepo ungenikatiza hapa uniulize salamu nimeziacha wapi. Haya. Assalamu alaikum, Mjomba. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akupe kivuli, maana huku juu hatuna. Sisi wazima. Mkaza mjomba mzima, nitafika kwake. Matrah ni ile ile uliyoiacha: joto, nzi wa samaki, na watu wa barazani kwa Haji Muhsin wanaojua kila kitu. Lango bado linafungwa ukipigwa mzinga, na anayetembea bila fanusi bado anakamatwa. Mafuta yanatoka, wanasema, na meli zinakuja kuyachukua. Sisi tunayasikia tu, kama ulivyokuwa ukiyasikia wewe.

Nina ugomvi na wewe, Mjomba. Nimeuweka moyoni tangu tulipokuzika na leo nautoa.

Watu wakifa huacha wasia unaoeleweka. Nisomeeni khitma. Mtunzeni mama yenu. Msigombane. Wewe uliacha ndege. Nakumbuka ulivyonishika mkono mchana ule, kifua kinakukoroma, nikainama nikijua sasa nitaambiwa neno la kunifaa maisha. Ukaniambia, "Seif, wapeleke watu Yiti. Wakawaone. Na yeye mpeleke." Ukatazama mlangoni, alikokuwa amesimama mkaza mjomba na bakuli la uji. Nikasema ndiyo, Mjomba. Ningesema nini? Mtu katika hali ile huwezi kumwambia kwamba gari si langu, kibali cha safari hakipatikani, na mkeo mwenyewe hataki.

Khitma tulikusomea hata hivyo, bila ya kuambiwa. Ilijaa watu. Wanafunzi wako wa zamani wa Chwaka, wale walioangukia huku pamoja nasi, walikuja wote, na mmoja alilia mpaka akatolewa nje akanyweshwe maji.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi wale, kwa hivyo najua yalianzia wapi. Mwalimu mwingine akichoka na darasa huwapa watoto hesabu. Wewe ulitutoa nje ukatupeleka pwani maji yakiwa yametoka, ukatukalisha kwenye mchanga, ukatwambia tunyamaze. Na wale ndege walikuwa pale kwenye tope wakiokota kaa, weupe wote, na mgongoni weusi, wanatembea polepole kwa kundi kama mabwana harusi waliovaa kanzu na joho. Ni sisi watoto tuliowaita wenye majoho, wewe ukalikubali jina. Ulitwambia wanakuja kila mwaka na wanaondoka kila mwaka, na hakuna anayejua wanakwenda wapi. Mimi nilikuwa nikifikiri unajua, unatuficha.

Halafu yakaja yale yaliyotutoa Unguja. Sitaki kuyaandika na wewe huhitaji kuyasoma. Nakumbuka tulivyokaa melini mbele ya Maskati, huyu ana karatasi, huyu hana, huyu babu yake anajulikana, huyu hajulikani, mpaka tukashushwa. Mwaka wa kwanza hukutoka chumba cha juu. Mkaza mjomba alikuwa akishona kofia za vitobo dirishani, akiziuza kwa akina mama wa Kizanzibari, na ndizo zilizotulisha. Wewe ulikaa ukitazama ukuta. Tuliogopa, Mjomba. Tulizungumza jikoni kwa sauti ya chini kuhusu wewe kana kwamba umeshakufa, na hapo ulikuwa mzima wa mwili kabisa.

Basi siku moja ukaondoka na watu wa punda bila ya kutuaga. Ulirudi baada ya siku mbili, pua imebabuka, kanzu imejaa tope mpaka magotini, unacheka. Ulisimama katikati ya ngazi ukasema, "Zuwena, wako kule. Wenye majoho wa Chwaka wako Yiti, kwenye khori, bahari inapoingia ndani." Ulikuwa huwezi kupumua vizuri. Ulisema sisi tulichekechwa kama unga hapo bandarini na wao wanapita juu ya vichwa vya askari bila ya kibali. Mkaza mjomba alikutazama kanzu, akakuambia uivue aifue.

Tangu siku ile hukutuacha tupumue.

Niseme ukweli, tulifurahi kwanza. Ulianza kula. Ulifungua kile kiduka chako cha bizari. Lakini mtu akija kununua hiliki anaondoka na hiliki na habari za khori la Yiti. Mngereza akipita na kamera shingoni unamkimbilia njiani, viatu hujavaa, unamwambia asiende Qurum. Kila mgeni anakwenda Qurum, ulikuwa ukisema, kwa sababu gari linafika na ndege wanaonekana bila ya kushuka, na mtu akishaiona mikoko ya Qurum anajiona ameshaiona Omani yote. Qurum, Qurum. Ulilitamka jina lile kama jina la mkwe mbaya. Yiti nani anakwenda? Na khori dogo la Bandar Jissah? Na visima vya Ruwi asubuhi, wanapotua wale wa rangi ya samawati? Ulikuwa huna unachouza huko, ndicho kilichowashangaza watu. Mfanyabiashara anayesifu mali isiyokuwa yake hawajawahi kumwona.

Na lile bango. Mjomba, lile bango. Ulikata kasha la chai, ukaandika kwa Kiarabu, kwa Kiswahili na kwa Kingereza: Karibuni Yiti mtazame ndege, wakati wao umefika, muulizeni mwenye duka. Ukalitundika mlangoni. Hata halijakauka wino alifika askari. Mimi ndiye niliyeitwa kutoka ghalani kwa Haji Muhsin kuja kukusemea, kwa sababu Kiarabu chako kilikuwa cha vitabuni na ulipokasirika kilizidi kuwa cha vitabuni. Askari alitaka kujua ni mkutano gani unaoitishwa Yiti. Ukamwambia si mkutano, ni ndege. Akauliza wanatoka wapi. Ungesema mbinguni, ungesema hujui, ungesema lolote. Ukamwambia, "Wanatoka Unguja." Akauliza nani anawatuma. Nilikusukuma kwa kiwiko, ukaendelea kumweleza majira yao ya kuja na kuondoka, tena kwa furaha, ukamtolea na darubini. Bango lilikwenda na askari, na darubini nayo. Darubini nilikwenda Maskati kuiomba mara nne mpaka nikawa najulikana kwa bawabu, naye akanikaribisha kahawa kama jamaa.

Barazani walikuita Bwana Ndege. Haji Muhsin ndiye aliyelianzisha, na unajua neno la Haji Muhsin likishatoka pale barazani linafika mpaka Sidab kabla ya chakula cha mchana. Walisema mwalimu wa watu amepata majonzi, kila anachokiona ni Unguja. Leo ameona ndege wa Chwaka, kesho ataona minazi ya Chwaka. Hawakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, walikuhurumia.

Na mkaza mjomba hakukwenda. Kila mwaka joto likianza kupungua unamuuliza, "Zuwena, utakwenda mwaka huu?" Naye hata sindano haiwachi. "Nitakwenda, Mwalimu. Nna kofia za watu kwanza." Unasema sawa. Mwaka unaofuata unamuuliza tena kwa sauti ile ile, kama hujapata kumuuliza. Mimi nilikuwa nikitamani mmoja wenu apige kelele.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako, ndipo utajua ulinifanyia nini.

Kwenye matanga, nyumba imejaa wanawake, jirani mmoja alisema maskini Bi Zuwena kapata mapumziko, maana kuishi na mtu aliyerukwa na akili si kazi ndogo. Alisema kwa sauti ya kunong'ona, ile ambayo nyumba nzima inaisikia. Mimi nilikuwa ukumbini na masinia, nikaisikia. Mkaza mjomba aliendelea kupokea mikono ya pole. Lakini tangu siku ile jina lako hakulitaja. Alikuwa akikuita Mwalimu maisha yake yote, sasa akawa anasema "yule marehemu", kama mtu wa mtaa wa pili. Darubini yako aliitia ndani ya sanduku, chini kabisa, akapanga nguo juu yake. Usiku nilikuwa namsikia kupitia ukuta. Sisemi zaidi.

Nilichokiona mimi ni hivi: amekwishaanza kuamini kwamba alizeeka na mwendawazimu. Na dawa niliyoiona ni moja, apatikane mtu mwenye neno zito awaone wale ndege kwa macho yake, aje aseme barazani kwamba Mwalimu alisema kweli, na maneno yafike kwa mkaza mjomba yakiwa na muhuri. Kumpeleka yeye mwenyewe sikukufikiria sana. Alikuwa na kofia za watu.

Nikaanza na Mngereza mmoja wa kampuni ya mafuta, anayekuja ghalani kununua mchele, mtu wa ndege vilevile kama wewe, na yeye pia alikuwa ameganda Qurum. Kibali chake kilichukua muda mrefu na siutaki kuukumbuka. Kilipotoka, nikamtumia salamu Sheikh Khalfan wa Yiti, yule rafiki yako wa khorini: nakuja na mgeni, anapenda ndege sana.

Hayo ndiyo maneno niliyoyatuma. Anapenda ndege sana. Ungekuwepo ungeshika kichwa pale pale.

Tulifika maji yakiwa yametoka, saa yenyewe uliyokuwa ukiisema. Lakini unaijua Yiti. Mtu haendi khorini kabla ya kahawa, na kahawa haimiminwi kabla ya khabari, na khabari zina mwendo wake. Khabari zenu. Hakuna khabari ila kheri. Na njia. Njia kheri. Na mvua. Mvua bado. Na nchi. Nchi imetulia. Halafu anaanza mwingine, upya. Mngereza amekaa mkekani kakunja miguu, anatabasamu, anatazama mlango unaoelekea baharini. Mimi natazama kivuli cha ukuta kinavyosogea, najua maji yanarudi. Tukala tende. Tukala halua. Ndipo likaingia sinia.

Mjomba, walikuwa juu ya wali. Sululu, wale ndege wa midomo mirefu iliyopinda, na vile vidogo vinavyokimbia kwenye ukingo wa maji, wamekaangwa kwa samli na bizari, wamepangwa duara. Watu wa Yiti walitega nyavu tangu alfajiri ili mgeni wangu asikose anachokipenda. Sheikh Khalfan alimchagulia mwenyewe paja nono akamwekea mbele. Mngereza alikuwa mweupe, akawa mweupe zaidi. Alikula, namshukuru, alikula kwa adabu huku machozi yamemlenga. Na kabla hatujanawa, mtu mmoja akaingia na kikapu. Zawadi ya kwenda nayo nyumbani. Ndani yake mmoja wa wenye majoho, mzima, mguu umefungwa uzi.

Sikuwa nimemwona kwa karibu namna ile tangu utotoni, na hata utotoni sikumwona hivyo. Mdomo mzito mweusi, jicho kubwa, na lile joho mgongoni limekaa sawasawa kama fundi alilipima. Nikafikiri, hapa nimepata. Nampeleka Matrah na kikapu chake, namweka mbele ya mkaza mjomba, yamekwisha. Mngereza aliuliza kama ni wake kweli. Akaambiwa ni wako. Akatoa kisu, akakata uzi, akamrusha juu. Ndivyo walivyo. Nilitazama ushahidi wangu ukivuka khori na kuingia baharini na sikuwa na la kufanya.

Njiani Mngereza alinitajia jina la ndege yule kwa lugha yao na akaniambia bila ya kuulizwa kwamba hao ndio wale wale wanaokaa pwani za Afrika ya Mashariki. Nikakimbia barazani kusema. Haji Muhsin akavuta buruma yake ya tumbaku akasema, "Mngereza naye umpeleke wapi asisifu? Hao husifu hata punda." Wakacheka. Halafu akasema, kwa kuwa ni mtu anayependa safari isiyomuumiza kichwa, kwamba siku moja atakwenda mwenyewe aimalize habari hii.

Nyumbani nilimhadithia mkaza mjomba yote kwa hasira, sinia, kikapu, kisu. Hakuinua kichwa. Nilipokwisha, akauliza jambo moja tu: "Joho lake lilikuwa zima?" Nikasema zima. Akarudi kwenye kofia. Ni mara ya kwanza kuuliza kitu tangu ufe.

Sasa nikupe ya jana.

Safari hii nilijitahadhari. Nilimtumia Sheikh Khalfan mtu maalumu, na maneno nikayapima: asitegwe ndege, asipikwe ndege, asifungwe ndege, mtu asiguse hata unyoya. Nakuja na Haji Muhsin, mtu mkubwa wa Matrah, anataka kutazama tu. Nilirudia hata mara ya pili ili yafike. Na niliomba kahawa ije baadaye, kwa hisani yake, kwa ajili ya maji. Akajibu kwamba ameelewa, na atafanya inavyostahiki.

Asubuhi nilishuka kuliwasha gari nikamkuta mkaza mjomba amekaa nyuma. Amevaa buibui, kikapu mapajani, amekaa kama mtu aliyekaa hapo tangu jana yake. Nikamwambia, Mkaza mjomba, njia mbaya. Akasema, "Washa gari." Nilipomwambia na kofia je, akanitazama, nikawasha gari. Haji Muhsin alikaa mbele na kilemba kipya akitazama njia tu, maana na yeye anamwogopa.

Tulikwenda vizuri, Mjomba, mpaka springi. Hata na springi tuliwahi. Tulipotokeza kwenye mlango wa khori maji ndiyo yanaanza kuingia, tope linang'aa, jua liko nyuma yetu kama ulivyokuwa ukisema liwe. Na walikuwa pale, kundi zima, wamejipanga ukingoni wamegeuka upande mmoja. Sijapata kuwaona wengi vile hata Chwaka. Nikazima gari. Nikamshika Haji mkono nikasema kwa sauti ndogo, "Haji, shuka taratibu, tazama kule."

Akashuka taratibu. Akaweka mguu chini.

Wakapiga bunduki.

Yiti nzima ilikuwa imejipanga nyuma ya ule mwamba, kila mwenye bunduki na bunduki yake, mtu mkubwa wa Matrah kaja. Nilikuwa nimekataza nyavu, nimekataza sufuria, nimekataza uzi. Bunduki sikuzikataza. Nani anakumbuka kukataza heshima? Walipiga juu, wakatia risasi, wakapiga tena, na mlima ukawa unazirudisha. Na Haji Muhsin, ambaye hajapata kupigiwa hata kengele, aligeuka, akaipa bahari mgongo, akaweka mkono kifuani, akasimama hivyo mpaka baruti ikaisha.

Nyuma ya mgongo wake waliruka wote. Nikapiga kelele, "Haji, juu!" Hakunisikia, au alisikia. Alikuwa ameshaanza kushikana mikono, mmoja mmoja, na khabari, na njia, na mvua. Walipita juu yetu, Mjomba, chini kabisa. Wakageuka, wakawa weupe wote pamoja, wakageuka tena, majoho yote pamoja, na ile sauti yao ya kubweka kidogo, ile tuliyokuwa tukiigiza darasani ukatuchapa. Walizunguka khori lote, wakarudi juu ya gari, kisha wakashika kusini. Nilitamani kukaa chini nilie, kwa uchungu kwamba nimewaleta watu mpaka hapa na jambo limenitoka tena mikononi.

Nikageuka nimwombe radhi mkaza mjomba. Alikuwa ametoka garini. Kiatu kimoja amekiacha ndani. Ukaya wake wa kichwani umemwangukia mabegani na hakuurudisha, wanaume wote wale, na yeye amesimama kwenye kokoto, kichwa juu, anageuka walikogeuka, polepole, mpaka akawa ametazama kusini na mkono juu ya macho. Alibaki hivyo hata mimi nilikuwa siwaoni tena. Nilikwenda kumpa kiatu chake. Alikipokea asinitazame.

Baadaye kahawa, tende, halua, wali wa mbuzi. Kwenye khori hapakuwa na ndege, hata kitwitwi. Haji alikula vizuri sana.

Barazani jana jioni ametoa hukumu yake. Pahala pazuri, watu wakarimu, wanaijua heshima, ndege hakumwona hata mmoja. Basi. Ndiyo habari itakayobaki Matrah, Mjomba, na mimi sina nguvu ya kuibishia. Nimeshindwa kuitangaza Yiti yako. Mngereza mmoja aliyewala kwa adabu na tajiri mmoja aliyewapa mgongo, hao ndio watu wangu wazito. Ukinilaumu nitakujibu kwamba ulikaa miaka yote ile na hukumpata hata mmoja.

Lakini nikuambie na haya. Jana tulipofika nyumbani mkaza mjomba alipanda ngazi mbele yangu, akasimama pale pale katikati uliposimama wewe na tope lako. Nilidhani amechoka. Akasema, bila ya kugeuka, "Wana majoho." Nikasema ndiyo. Akapanda. Nikasikia sanduku linafunguliwa, nguo zinatolewa. Leo asubuhi darubini iko dirishani, imefutwa vioo, ukanda wake ameushona palipokatika. Na yule jirani, yule mwenye kunong'ona, amekuja kutazama kofia, nimemsikia mkaza mjomba akimwambia kila kitu kwa sauti ya kawaida, maji yanavyokuwa, wanavyogeuka, na kwamba Qurum ni mahali pa wavivu. Qurum, Mjomba. Hajapata kufika Qurum. Mwanamke yule aliondoka bila ya kofia na nadhani amesikia mambo ya kumtosha mwaka mzima. Nilikuwa na mmoja wa kunisumbua, ukafa, sasa nina mwingine. Ameshaniuliza wanarudi lini.

Nitampeleka. Nakuahidi hapa kwa mkono wangu. Wakirudi nitampeleka, na akina mama wenzake watakaokubali kubanwa kwenye gari hilo, na Sheikh Khalfan nitamwambia nakuja na vibibi tu, hawana njaa, hawana cheo, na hawataki kusikia mlio wowote. Mwaka baada ya mwaka, maadamu springi zipo. Usinishukuru. Nafanya nikiwa nimekasirika.

Nimekukumbuka, mtu mgumu wewe. Barazani wanaposema Bwana Ndege natamani kila mara uingie mlangoni bila ya viatu uwaudhi. Mungu akuweke mahali pazuri, penye tope na maji yanayotoka.

Barua hii si wazo langu. Ni yeye aliyeniletea karatasi asubuhi. Nikamwambia, Mkaza mjomba, nitaiandika halafu niipeleke wapi? Akasema, "Wewe si karani? Andika." Nikamuuliza basi niandike nini. Alikuwa amekaa dirishani, sindano mkononi, haishoni. Akafikiri kidogo.

"Mwambie Mwalimu nimekwenda," akasema. "Asiniulize tena."

Mpwa wako,
Seif